Kupanga kwa Duru: Historia ya Shughuli Inayojifunza Kabla ya Siku Yake

Utangulizi

Kila mwaka inapokaribia tarehe 7 Julai, mlango wa ofisi ya idara yetu huanza kugongwa. Huyu anauliza habari za ngonjera, yule habari za fulana, na mwingine anataka kujua kama mgeni rasmi amekwisha kuijibu barua. Tangu Mkutano Mkuu wa UNESCO ulipoitangaza siku hiyo, mwezi Novemba 2021, kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, walimu wa Kiswahili tumejikuta na kazi ambayo hatukuisomea: kazi ya kuandaa shughuli. Tumesomea fonolojia, mofolojia na nadharia za fasihi. Hakuna aliyetufundisha namna ya kupanga viti mia tatu chini ya hema lililokodiwa kwa saa sita.

Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya wazo moja linaloweza kutusaidia. Tunaliita kupanga kwa duru. Maana yake ni kuigawa kazi kubwa katika vipande vidogo, kukijaribu kila kipande mbele ya wale kinaowahusu, kutazama kilichotokea, kisha kuurekebisha mpango kabla ya kuanza duru nyingine. Siku hizi wazo hili hujulikana kwa jina la mbinu nyumbufu, au ajaili, na wengi hudhani kwamba lilizaliwa na wataalamu wa kompyuta. Tutaonyesha kuwa wataalamu hao walilikuta njiani, wakalipa jina na kulisambaza.

Kilichotusukuma kuandika ni jambo lililotupata wenyewe. Mwaka wa kwanza tulipoiadhimisha siku hii, kabla ya wanafunzi kwenda likizo, kamati yetu ilikaa miezi mitatu mapema ikaandika ratiba ya kurasa nne. Kila tukio lilipewa dakika zake. Siku ilipofika, mgeni rasmi alichelewa saa mbili na nusu. Alipowasili hotuba zikafuatana, na mwenye hema akaanza kulegeza kamba. Tamthilia ya wanafunzi wa mwaka wa pili, waliyoifanyia mazoezi kwa wiki saba, ilikuwa ya mwisho katika ratiba. Haikuchezwa. Kesho yake msichana aliyekuwa amekariri nafasi ya mama mwenye nyumba alikuja ofisini, akatuamkia, kisha akauliza, "Mwalimu, ile sherehe ilikuwa ya nani?" Hatukuwa na jibu.

Jumba la vioo la 1851

Tuanze mbali kidogo, katika bustani ya Hyde Park mjini London. Mwaka 1850 Waingereza walikuwa wakiandaa Maonyesho Makuu ya kazi za viwanda za mataifa yote. Tarehe ya kufungua ilikuwa imekwisha kutangazwa: 1 Mei 1851. Kamati ya ujenzi ilialika michoro ya jumba, ikapokea 245, na haikukubali hata mmoja. Ikachora mchoro wake yenyewe, wa matofali na kuba kubwa, nao ukalaumiwa sana. Ilikuwa wazi kuwa jumba zito la namna ile lisingemalizika kwa wakati.

Aliyeiokoa kamati ni Joseph Paxton, mtunza bustani wa Mtawala wa Devonshire huko Chatsworth. Tarehe 11 Juni 1850, akiwa katika mkutano wa shirika la reli mjini Derby, alichora wazo lake la kwanza juu ya karatasi ya kunyonya wino. Hadithi hiyo husimuliwa kana kwamba wazo lilimshukia kama umeme. La hasha. Kwa miaka mingi Paxton alikuwa akijenga nyumba za vioo za kulelea mimea, na kila nyumba ilimfunza jambo la kutumia katika iliyofuata. Jumba la Hyde Park lilitokana na duru nyingi zilizolitangulia.

Hata baada ya mchoro kukubaliwa, mpango haukufungwa. Wananchi walipinga kukatwa kwa miti mikubwa iliyokuwa katika uwanja ule. Paxton akaubadilisha mchoro, akaongeza paa la mviringo katikati ili miti ibaki ndani ya jumba. Watu walipotia shaka kama roshani za juu zingehimili uzito wa watazamaji, haikutosha kuwajibu kwa hesabu. Wafanyakazi walikusanywa wakaruka juu ya roshani hizo, kisha askari wakapigishwa kwata juu yake. Siku ya kufungua ilipofika, jumba lilikuwa limekwisha kujaribiwa kwa miguu ya watu.

Hata viingilio vilipangwa kwa hatua. Mwanzoni tiketi zilikuwa za bei kubwa, na ilipofika mwisho wa Mei ndipo siku za shilingi moja zilipoanza, watu wa kipato kidogo wakaingia kwa wingi. Hadi maonyesho yalipofungwa mwezi Oktoba, watu waliopita milangoni walihesabiwa kufikia kama milioni sita, na faida iliyopatikana ilisaidia kujenga makumbusho ya South Kensington.

Somo tunalolipata hapa ni kwamba tarehe haikusogezwa hata siku moja. Kilichobadilika ni umbo la kitu kilichokuwa kikiandaliwa. Hilo ndilo linaloitofautisha shughuli na kazi nyingine nyingi. Kitabu kinaweza kuchelewa mwezi mmoja, lakini harusi haichelewi mwezi mmoja. Kwa hiyo anayeandaa shughuli hana budi kufanya makosa yake mapema, kabla ya siku yenyewe.

Chati na mviringo

Karne ya ishirini ilileta njia mbili za kupanga kazi. Ya kwanza ni ya chati. Mwaka 1896 mhandisi wa Kipolandi, Karol Adamiecki, alibuni mchoro wa kuonyesha jinsi kazi mbalimbali zinavyopangana kwa wakati. Miaka ya 1910 Mmarekani Henry Gantt akaeneza michoro ya milia ambayo hadi leo inabeba jina lake. Mwaka 1958 jeshi la majini la Marekani likatumia mtandao wa kazi unaojulikana kama PERT katika mradi wa makombora ya Polaris. Faida ya njia hii si ndogo: inaonyesha wazi ni nani anayemngoja nani. Mpishi hawezi kuwasha moto kabla ya kuni kufika, na chati humkumbusha mwenye kuni. Udhaifu wake ni kudhani kwamba tangu mwanzo tunajua kila kitu tutakachohitaji kujua.

Njia ya pili ni ya mviringo. Walter Shewhart, mwanafizikia aliyefanya kazi katika maabara za simu za Bell, alieleza katika kitabu chake cha 1939 kuwa kuainisha kitu kinachotakiwa, kukitengeneza na kukikagua ni hatua zinazopaswa kufanya duara badala ya mstari mnyoofu. Ukaguzi unamrudisha mtu kwenye maelezo ya mwanzo akiwa na maarifa mapya. Wazo hilo lilichukuliwa na W. Edwards Deming, ambaye mwaka 1950 alialikwa na chama cha wanasayansi na wahandisi wa Japani kutoa mihadhara huko. Wajapani waliithamini kazi yake hata mwaka 1951 wakaanzisha tuzo yenye jina lake. Katika mafundisho hayo ndipo ulipokomaa mzunguko wa hatua nne ambao kwa Kiswahili tunaweza kuuita panga, tenda, kagua, rekebisha.

Katika viwanda vya magari vya Toyota, Taiichi Ohno alijenga utaratibu wa kutumia kadi, kanban kwa Kijapani, ili kituo kimoja kisitengeneze kitu kabla kituo kinachofuata hakijakihitaji. Ohno mwenyewe alieleza kwamba alivutiwa na maduka makubwa ya Kimarekani, ambamo rafu hujazwa tena kulingana na bidhaa zilizochukuliwa na wateja. Sambamba na hilo kulikuwa na msisitizo wa kaizen, yaani uboreshaji wa kidogo kidogo usiokoma. Wahenga wetu walisema haba na haba hujaza kibaba.

Raga na milima ya Utah

Wataalamu wa programu za kompyuta waliingia baadaye. Mwaka 1970 Winston Royce aliandika makala yaliyochora hatua za kutengeneza programu kubwa zikiteremka moja baada ya nyingine kama maporomoko ya maji. Watu wengi waliuchukua mchoro wakaacha maelezo. Royce mwenyewe alionya kwamba njia hiyo, ikifuatwa kama ilivyochorwa, ina hatari na hukaribisha kushindwa, akashauri kazi ifanywe mara mbili ili ya kwanza iifundishe ya pili. Sisi walimu tunaujua ugonjwa huo: mwanafunzi anayenakili jedwali la ngeli na kuruka maelezo yaliyo chini yake.

Mwaka 1986 Wajapani wawili, Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka, walichapisha makala katika jarida la Harvard Business Review. Walichunguza kampuni kama Honda, Canon na Fuji-Xerox, wakasema kwamba vikundi vilivyofaulu havikupokezana kazi kama wakimbiaji wa kupokezana vijiti. Vilisonga pamoja kama timu ya raga, mpira ukirudi nyuma na kwenda mbele. Kutoka kwenye mfano huo wa raga Jeff Sutherland na Ken Schwaber walipata jina la Skramu, utaratibu walioueleza hadharani mwaka 1995. Kazi hugawanywa katika vipindi vifupi vya wiki chache, kila kipindi kikimalizika kwa kitu kinachoweza kuonyeshwa na kwa kikao cha kujitathmini.

Mwezi Februari 2001 watu 17 wa fani hiyo walikutana Snowbird, katika milima ya Utah, Marekani, wakatoa tamko fupi. Waliweka mbele mazungumzo ya watu kuliko taratibu, kitu kinachofanya kazi kuliko makaratasi mengi, ushirikiano na mteja kuliko kubishania mkataba, na kuyaitikia mabadiliko kuliko kung'ang'ania mpango. Hawakusema kwamba mpango hauna thamani. Walisema tu kipi kitangulie pale viwili hivyo vinapogongana.

Mkutano usio na ratiba

Upande wa shughuli na mikutano ulikuwa na historia yake. Mwaka 1983 Mmarekani Harrison Owen aliandaa mkutano wa kimataifa, kazi iliyomchukua mwaka mzima. Mwishoni yeye na washiriki walikubaliana kwamba sehemu bora ya mkutano ilikuwa mapumziko ya kahawa, ambayo hayakupangwa. Mwaka 1985 akajaribu namna nyingine: washiriki waliketi katika duara, kila mwenye jambo akaliandika na kulibandika ukutani, na ratiba ikapatikana papo hapo.

Owen alisema kwamba sehemu ya wazo hilo aliipata Afrika. Akiwa mpiga picha katika kijiji cha Balamah, nchini Liberia, aliona sherehe ya jando iliyochukua siku nne, yenye mamia ya watu, na hakuona kamati ya maandalizi. Mambo yalikwenda vizuri hata hivyo.

Hapa tungependa kumkosoa kidogo kwa heshima. Mgeni kutoiona kamati si ushahidi kwamba hakuna maandalizi. Hapa Uganda tunaijua imbalu ya Wagisu, inayofanyika katika miaka inayogawanyika kwa mbili na kufunguliwa rasmi Mutoto, karibu na Mbale. Asiyeijua huona vijana wakicheza barabarani na umati ukiwafuata, akadhani ni furaha ya ghafla. Kumbe kijana amekuwa akijiandaa kwa muda mrefu: amejifunza ngoma na nyimbo, amezunguka kwa jamaa kuwaarifu, na kila anapocheza wazee wanamtazama na kumkosoa. Kila ziara ni jaribio, na kila jaribio lina watazamaji wanaojua wanachokitafuta. Tunaloliona hapo ni mpango ulioingia ndani ya watu hata hauhitaji karatasi.

Kiswahili chenyewe kimepita njia hii

Walimu wenzetu wasidhani kwamba haya ni mambo ya wageni tu. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa usanifishaji. Mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi, na kuanzia 1952 ilikuwa na makao yake Makerere kwa miaka kadhaa. Kamusi zilizotokana na juhudi hizo na za warithi wake hazikukamilika kwa mara moja. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka 1981, ikatoka tena ikiwa imerekebishwa 2004, na toleo la tatu likafuata 2013. Kila toleo lilikuwa tayari kutumiwa siku lilipotoka, na kila toleo lilikiri kwa kuwapo kwake kwamba lililotangulia lilikuwa na mapungufu. Huko ndiko kupanga kwa duru.

Hata maadhimisho ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yamekuwa na mwendo huo: Zanzibar 2022, Kampala 2023, Mombasa 2024. Mwenyeji anayefuata hupata nafasi ya kuona mwenzake alipojikwaa. Ikumbukwe pia kwamba wiki ileile ya maadhimisho ya kwanza, mwezi Julai 2022, baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Kwa hiyo sherehe zetu hutazamwa na wazazi na walimu wakuu wanaojiuliza kama lugha hii ni ya watoto wao. Mtoto akikaa kwenye kiti kwa saa tano akisikiliza hotuba, amepata jibu.

Tulivyojaribu sisi

Mwaka uliofuata tuliiacha ratiba ya kurasa nne. Tulimwomba yule msichana, ambaye sasa alikuwa mwaka wa tatu, aingie katika kamati, tukapanga kwa duru tatu.

(i) Duru ya kwanza ilikuwa wiki sita kabla. Wanafunzi walicheza dakika ishirini za tamthilia darasani mbele ya wenzao wa mwaka wa kwanza. Tuligundua kwamba utani mmoja wa Kimvita, tuliokuwa tukiucheka sana sisi walimu, haukueleweka kabisa na vijana waliotoka Gulu na Soroti. Uliandikwa upya.

(ii) Duru ya pili ilikuwa wiki tatu kabla, uwanjani, pamoja na vipaza sauti. Tuligundua kuwa kubadilisha mavazi kulichukua robo saa ambayo haikuwamo katika ratiba yoyote. Ngonjera ikahamishiwa hapo.

(iii) Duru ya tatu ilikuwa siku nne kabla. Msichana yule alipendekeza tufanye mazoezi ya mgeni rasmi kuchelewa. Wengine walicheka, lakini tulifanya. Tukaafikiana kwamba saa nne ikigonga pasipo mgeni, tamthilia ianze, na hotuba zisubiri.

Siku yenyewe mgeni alichelewa saa moja. Saa nne ilipogonga mshereheshaji alitutazama, tukamwashiria aendelee. Mgeni alifika akakuta watu wanacheka, akaketi kimya, na baadaye akaifupisha hotuba yake mwenyewe.

Hata hivyo si kila kitu kilikwenda sawa. Baada ya duru ya pili tuliongeza wageni, na baada ya duru ya tatu tukaongeza tena, bila kumwarifu mpishi mapema. Sahani arobaini zikapungua, na waliokosa chakula walikuwa wanafunzi walewale waliobeba viti. Kosa hilo lilitufundisha kwamba unyumbufu una mipaka yake. Chakula, hema, usafiri na kila kitu kinacholipiwa arubuni vina siku ya mwisho ya kubadilishwa, na siku hiyo ni lazima iandikwe ukutani kwa herufi kubwa. Kwa mambo hayo chati ya Gantt bado ni rafiki mwema. Mviringo ni kwa yale ambayo hatuwezi kuyajua mpaka tuyajaribu: sauti, muda, utani, na hisia za watazamaji.

Hitimisho

Tumeona kwamba kupanga kwa duru hakukuanza Utah mwaka 2001. Kulikuwako juu ya roshani za Hyde Park, katika viwanda vya Japani, barabarani Mbale na katika matoleo ya kamusi zetu. Tofauti ni kwamba wataalamu wa kompyuta walikuwa wepesi wa kukipa jina kile walichokifanya.

Istilahi zenyewe bado zinatusubiri. Tumetumia hapa duru, mbinu nyumbufu na kikao cha kujitathmini. Wasomaji wenye maneno yanayofaa zaidi watuletee, nasi tutayajaribu katika maandalizi yajayo kabla ya kuyapitisha.

Mwaka huu kamati itaanza kukutana mapema, na nusu ya wajumbe wake watakuwa wanafunzi. Wahenga walisema kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Tukiulizwa tena sherehe ilikuwa ya nani, tungependa aliyeuliza awe amekwisha kulijibu swali lake mwenyewe, jukwaani, kabla ya hotuba ya kwanza.